Mshahara Uliokatwa, Mashine Isiyo na Kinga: Jinsi ya Kuwafikia Mawakili wa Wizara ya Kazi Marekani

Mwongozo huu ni wa Waswahili wanaofanya kazi Marekani, hasa wale wa kazi za mikono. Wengi wetu walipitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Nakivale au Dzaleka kabla ya kupanda ndege, na walipofika walishika kazi ya kwanza iliyopatikana: kukata nyama kiwandani, kupanga maboksi ghalani, kusafisha vyumba vya hoteli. Wachache sana waliambiwa kwamba serikali ya nchi hii ina mawakili ambao kazi yao ni kuwapeleka mahakamani waajiri wanaokula jasho la watu au wanaowaweka wafanyakazi hatarini. Hulipi hata senti. Lakini wakili huyo hana ushahidi ila ule uliomletea wewe na wenzako, na ukimfikia siku zimepita hawezi kitu hata akikuonea huruma.

Jua unamwendea nani

Wizara ya Kazi ilianzishwa mwaka 1913 na leo inasimamia zaidi ya sheria 180. Ndani yake mna ofisi ya wanasheria, makao yake Washington, ikiwa na ofisi za mikoa katika miji kama Chicago, Atlanta na Dallas. Mteja wa mawakili hawa ni Waziri wa Kazi. Kesi ya mshahara ikifunguliwa, mlalamikaji anayeandikwa juu ya karatasi ni Waziri. Wewe ni shahidi, na jina lako linaweza kuwa kwenye orodha ya wanaodai. Hii ina faida na hasara zake. Faida ni kwamba bosi hawezi kukuita pembeni, akakupa bahasha na kuizima kesi, maana kesi si yako kuizima. Hasara ni kwamba serikali inaweza kukubaliana na kampuni kwa kiasi ambacho wewe ungekikataa. Ukitaka wakili anayekusikiliza wewe peke yako, tafuta wa binafsi au wa msaada wa kisheria mapema, kwa sababu Waziri akishafungua kesi ya kudai mishahara kwa niaba yako, haki yako ya kufungua ya kwako kwa dai hilo inakoma.

Mawakili hawa hawapokei malalamiko mlangoni. Unapitia kwa wachunguzi, nao wana milango miwili mikubwa. Mshahara, saa za ziada na kazi za watoto ni za Kitengo cha Mishahara na Saa za Kazi, kinachofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1938. Mashine, kemikali, joto, kuanguka kutoka juu, hayo ni ya idara ya usalama na afya kazini, inayojulikana kwa herufi OSHA, chini ya sheria ya 1970. Wa migodini wana idara yao na sheria yao ya 1977. Ubaguzi wa rangi, dini, jinsia au asili unakwenda kwa tume nyingine kabisa, EEOC, ambayo nayo ina mawakili wake. Ukibisha hodi pasipo pako utaelekezwa kwingine, ila siku zako zinaendelea kuhesabika.

Jambo moja linawachanganya watu. Majimbo zaidi ya 20 yana idara yao ya usalama kazini badala ya ile ya shirikisho. Iowa, Kentucky, Michigan na Minnesota zimo; Texas, Nebraska na Colorado hazimo. Majimbo mengi pia yana kima cha chini cha mshahara kilicho juu kuliko cha shirikisho, ambacho kimesimama kwenye dola 7.25 kwa saa tangu 2009. Kwa hiyo ulizia na upande wa jimbo.

Hesabu siku kabla ya kitu kingine chochote

Kesi nyingi nzuri zinakufa kwa sababu ya kalenda. Mfupi kuliko yote ni muda wa mtu aliyefukuzwa, kushushwa au kupunguziwa saa kwa sababu alilalamikia usalama: siku 30 tangu kitendo kile, upeleke lalamiko OSHA. Siku 30 ni malipo mawili ya mshahara, na watu huzimaliza wakisubiri bosi apoe.

OSHA yenyewe ina miezi 6 tangu kosa lilipotokea kumwandikia mwajiri hati ya makosa. Ukiripoti mwezi wa tano unampa mchunguzi wiki chache tu za kukagua, kuhoji na kuandika. Ubaguzi ni siku 180, na katika majimbo mengi 300.

Mshahara una muda mrefu zaidi: miaka 2 nyuma, au 3 ikithibitika kwamba mwajiri alijua anavunja sheria au alipuuza kwa makusudi. Lakini hapa pana mtego ambao ningependa kila mtu aujue. Kupeleka lalamiko kwa wachunguzi hakusimamishi saa inayohesabu muda huo. Inasimama kesi inapofunguliwa mahakamani, au kampuni inapotia saini makubaliano ya kuisimamisha. Uchunguzi ukichukua mwaka, wiki zako za zamani zinadondoka moja moja kutoka kwenye dai. Muulize mchunguzi waziwazi kama kampuni imetia saini makubaliano hayo, na uombe jibu lake kwa maandishi.

Anza daftari leo

Ninasisitiza hatua hii kuliko zote. Mwaka 1946 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya wafanyakazi wa kiwanda cha vyombo vya udongo cha Mt. Clemens. Ilisema kwamba mwajiri asipotunza kumbukumbu sahihi za saa, mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kila dakika. Inatosha atoe picha ya haki na ya kuaminika, kisha mwajiri ndiye abebe mzigo wa kuipinga. Hadi leo mawakili wa serikali wanasimama juu ya uamuzi huo. Daftari lako la dola moja linaweza kushindana na kompyuta ya kampuni, alimradi liliandikwa siku ileile na halina kutia chumvi.

Ukurasa mmoja uwe hivi:

Jumanne, Machi 4. Nimefika kabatini 5:25 AM. Nimevaa shati la chuma, aproni, glavu za kukinga kisu. Nimenoa visu. Nimepiga kadi 5:50. Mnyororo umeanza 6:00. Chakula 10:30 hadi 10:48, supavaiza ametuita kabla ya nusu saa kuisha. Nimepiga kadi ya kutoka 2:40 PM. Kuvua na kuosha vifaa hadi 2:55. Tulikuwa watano kwenye meza. Majina yao nyuma.

Angalia saa zilivyoandikwa. Andika kama saa ya ukutani inavyosoma, na AM au PM. Ukiandika saa kumi na moja na dakika ishirini na tano kwa hesabu yetu ya Kiswahili, mtafsiri asiyeelewa ataiandika 11:25 AM, na wakili wa kampuni atakuuliza mbele ya jaji ni kwa nini daftari linasema ulifika kazini baada ya watu kwisha kula.

Sasa piga hesabu. Unalipwa dola 18, na wiki yako tayari ina saa 40 zilizolipwa. Dakika 30 zisizolipwa kila siku kwa siku 5 ni saa mbili na nusu za ziada. Saa ya ziada ni mara moja na nusu, yaani dola 27. Hiyo ni dola 67.50 kwa wiki. Kwa wiki 100 ni dola 6,750. Sheria inaruhusu kudai kiasi kingine sawa na hicho kama fidia, jumla dola 13,500. Zidisha kwa watu mia tatu wa shifti moja, utaelewa kwa nini kampuni huajiri mawakili wazuri.

Je, dakika za kuvaa zinalipwa? Mwaka 2005, katika kesi ya kampuni ya nyama ya IBP, Mahakama Kuu ilisema mwendo wa kutoka kwenye chumba cha kuvalia hadi kwenye mstari wa kazi, baada ya kuvaa vifaa ambavyo kazi haifanyiki bila hivyo, ni muda wa kazi. Lakini mwaka 2014 mahakama hiyohiyo iliwaambia wafanyakazi wa maghala kwamba kusimama foleni ya kupekuliwa wakati wa kutoka hakulipwi chini ya sheria ya shirikisho. Na penye chama cha wafanyakazi, mkataba unaweza kuwa umeondoa muda wa kubadilisha nguo. Andika dakika zote hata hivyo. Kuchuja ni kazi ya wakili.

Pamoja na daftari, tunza kila karatasi ya malipo, ujumbe wa simu kutoka kwa supavaiza, picha ya ratiba, jina la wakala aliyekuajiri na jina la kiwanda chenyewe. Usichukue nyaraka za siri za kampuni. Picha ya mashine isiyo na kinga piga tu kama haikuweki hatarini na haiwezi kukufukuzisha kazi. Vinginevyo andika mahali ilipo, namba yake, na siku uliyoiona.

Piga simu, na dai mkalimani

Kwa mishahara ni 1-866-487-9243. Kwa OSHA ni 1-800-321-6742. Huduma ni bure na wana wakalimani kwa simu. Sema neno moja, "Swahili", na usubiri.

Mkalimani anaweza kuwa Mkenya au Mtanzania. Kama Kiswahili chako ni cha Uvira, Fizi au Bukavu na humwelewi vizuri, sema hapohapo. Kama lugha unayoijua kweli ni Kibembe, Kirundi au Kinyamulenge, omba hiyo. Si utovu wa adabu. Maneno yako yataandikwa, na miaka miwili baadaye mtu atayasoma mahakamani. Usikubali hata siku moja kiongozi wa timu anayejua Kiingereza akutafsirie mbele ya mchunguzi, awe ndugu wa kabila lako au la. Yeye anakula kwa bosi.

Jina lako linatunzwa siri. Hata mahakamani mawakili wa serikali wana haki ya kukataa kumtaja aliyetoa taarifa, ingawa ukija kutoa ushahidi utajulikana. Hawahitaji kujua hali yako ya uhamiaji ili kudai mshahara wa kazi uliyokwisha kuifanya. Sheria ya mshahara inamlinda kila aliyefanya kazi. Kwa OSHA, lalamiko la maandishi lenye saini yako lina uzito kuliko simu peke yake, na unaweza kuweka saini huku ukiomba jina lisionyeshwe kwa mwajiri.

Mchunguzi akifika

Atataka vitabu vya malipo, atazunguka kiwandani, ataongea na watu faraghani. Mwajiri akifunga mlango, wakili anaingia kazini kwa mara ya kwanza. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1978, mwajiri ana haki ya kumtaka mkaguzi wa OSHA alete hati ya jaji, kwa hiyo mawakili huenda kuiomba. Akificha vitabu, wanampelekea amri ya kuvitoa, na akiidharau wanamfikisha mbele ya jaji. Kwa hiyo msikate tamaa mkiona mkaguzi amerudishwa getini.

Wewe utaandikiwa maelezo. Usitie saini mpaka usomewe mstari kwa mstari kwa lugha yako. Usiseme "kila siku" kama ni siku nne kati ya tano, wala usikisie. "Sikumbuki" ni jibu halali.

Faili likifika mezani kwa wakili

Kesi nyingi huishia kwa mchunguzi: kampuni inalipa na mambo yanaisha. Ikikataa, au kosa likiwa kubwa, faili linapanda. Wakili atapima kama ushahidi unatosha, ataandika barua ya madai, na ikishindikana atakwenda kwenye mahakama ya shirikisho. Silaha zake ni zaidi ya zile za wakili wa mtu binafsi. Anaweza kudai mishahara ya wote waliodhulumiwa, hata walioogopa kulalamika. Anaweza kuomba zuio la kudumu, na kampuni ikirudia kosa inakuwa imemdharau jaji. Anaweza pia kuomba mahakama izuie bidhaa zilizotengenezwa kwa kuvunja sheria ya mshahara zisisafirishwe kwenda jimbo jingine. Nyama inayosubiri ndani ya lori humfanya mwajiri apokee simu haraka.

Tazama ilivyokuwa kwa Packers Sanitation Services, kampuni iliyokuwa ikisafisha viwanda vya nyama usiku. Novemba 2022 mawakili wa Wizara walikwenda mahakama ya shirikisho Nebraska wakieleza kwamba wamekuta watoto wasiopungua 31, wa miaka 13 hadi 17, wakisafisha mashine za kukatia nyama katika viwanda vitatu vya Nebraska na Minnesota. Sheria inakataza mtu chini ya miaka 18 hata kuzisafisha mashine hizo. Walidai pia kwamba kampuni ilikuwa inawatisha watoto wasiseme na kuchezea mafaili. Hawakusubiri kesi imalizike. Waliomba amri ya haraka, na jaji aliitoa ndani ya siku moja. Mwezi uliofuata kampuni ilikubali amri ya mahakama ya kufuata sheria. Februari 2023 idadi ilikuwa imefika watoto 102 katika viwanda 13 vya majimbo 8, na kampuni ililipa dola milioni 1.5, sawa na dola 15,138 kwa kila mtoto, kiwango cha juu kabisa wakati huo. Faini hiyo ilikwenda hazina ya serikali. Watoto hawakuipata, na kwangu mimi hilo ni pengo kubwa la sheria hii. Mzazi anayesoma hapa asidhani kumpa mwanawe karatasi za mtu mzima ni kumsaidia.

Kesi ikienda mbali, unaweza kuitwa kuhojiwa kwa kiapo na wakili wa kampuni kabla ya siku ya mahakama. Wakili wa serikali atakuandaa. Mueleze mapema kila kitu kinachokuaibisha: jina jingine ulilotumia kazini, deni, ugomvi na supavaiza. Kinachomuumiza ni kile anachokisikia kwa mara ya kwanza mbele ya mpinzani.

Njia ya kesi za usalama ni tofauti kidogo

Mwajiri akipewa hati ya makosa na OSHA ana siku 15 za kazi za kuipinga. Akipinga, wakili wa Wizara anaitetea mbele ya jaji wa tume huru ya mapitio, ambayo si sehemu ya Wizara. Hapa ndipo wafanyakazi wanapopoteza nafasi bila kujua: una haki ya kujiunga na kesi hiyo, na una haki ya kupinga muda mrefu mno ambao mwajiri amepewa wa kurekebisha hatari. Hati lazima ibandikwe karibu na mahali pa kosa, hivyo soma ukuta.

Mwaka 2025 faini ya juu kwa kosa zito ilikuwa dola 16,550, na kwa kosa la makusudi au la kurudia dola 165,514. Mawakili na kampuni hujadiliana, na mara nyingi kiasi hushuka mwajiri anapokubali kurekebisha haraka. Mtu akifa kwa kosa la makusudi, Wizara inaweza kulipeleka faili kwa Wizara ya Sheria kwa jinai, ila adhabu ya mara ya kwanza haizidi miezi 6 jela. Kwa uhai wa mtu, ni kidogo mno. Fidia ya familia inatafutwa kwenye bima ya wafanyakazi ya jimbo, na kwa hilo mnahitaji wakili wenu.

Wakikulipizia kisasi

Andika tarehe, maneno na mashahidi siku hiyohiyo. Lalamiko la mdomo nalo linalindwa. Mahakama Kuu ilisema hivyo mwaka 2011 kuhusu sheria ya mshahara, na ni faraja kubwa kwa asiyeandika Kiingereza. Kwa kisasi cha mshahara unaweza kushitaki mwenyewe. Kwa kisasi cha usalama chini ya sheria ya 1970, ni serikali pekee inayoweza kufungua kesi, ndiyo maana zile siku 30 ni za kufa na kupona.

Kupokea fedha

Kabla ya kutia saini karatasi ya kupokea malimbikizo, omba isomwe kwa lugha yako: ukikubali malipo yaliyosimamiwa na Wizara, kwa kawaida unaachia haki ya kudai tena kwa kipindi hicho. Bosi akikutaka umrudishie sehemu kimyakimya, ni uvunjaji mwingine wa sheria. Mpigie mchunguzi siku hiyo. Na ukihama, mpe anwani mpya. Sisi tunahama sana, leo Louisville, kesho Des Moines, na hundi zinarudi. Wizara huzitunza fedha zisizodaiwa kwa miaka 3, kisha zinakwenda hazina. Kwenye tovuti ya Kitengo cha Mishahara kuna sehemu ya kutafuta kwa jina la kampuni. Jaribu majina ya kila mwajiri uliyewahi kumfanyia kazi, na ya wakala aliyekupeleka kwake.